Kununua gemu na nyongeza zake ukiwa Dodoma bila pesa kuishia hewani

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniletea kesi ileile. Amelipia nyongeza ya gemu, pesa imekatwa, risiti ipo, lakini akifungua gemu hakuna kilichobadilika. Wengine wanatoka Nkuhungu, wengine hosteli za UDOM, na juzi kijana mmoja amepanda gari kutoka Kibaigwa na PlayStation 4 (PS4) yake kaifunga kwenye kanga ya mama yake.

Wengi wao hawakuibiwa na mtu. Walilipa kabla ya kuhakikisha kwamba vitu vitatu vinaoana: nchi ya akaunti, toleo la gemu walilonalo, na kufuli ambalo mtengenezaji ameliweka. Kimoja kikipishana na vingine, pesa inakwenda na huna unachopata.

Nimeandika kwa ajili ya wenye kompyuta na wenye PlayStation, maana ndizo zilizojaa mitaani kwetu. Zifuate hatua kwa mpangilio. Hatua ya 2 na ya 3 ndizo zinazoangusha watu wengi, kwa hiyo hapo nenda polepole.

## Maneno matatu ya kuelewa kwanza

Nyongeza, ambayo madukani utaiona kama DLC, ni kipande kinachoongezwa kwenye gemu baada ya gemu lenyewe: ramani mpya, wachezaji wapya, gari, hadithi ya ziada. Nyongeza peke yake haichezeki. Lazima uwe na gemu mama.

Leseni ndiyo unayoilipia hasa. Tangu Oktoba 2024 Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, wanaandika wazi kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachonunua ni leseni ya kutumia bidhaa. Leseni inakaa kwenye akaunti, haikai kwenye mashine. Mashine ikiungua na TANESCO, leseni ipo. Akaunti ikipotea, imepotea na kila ulicholipia.

Ulinzi wa nakala, hapa nitauita kufuli, ni programu inayokagua kama una leseni kabla gemu halijafunguka. Kufuli nyingine hukagua mara moja tu, nyingine kila siku, na nyingine hazikuruhusu kucheza sekunde moja bila intaneti.

## Vitu vya kuandaa

- Barua pepe yako mwenyewe ambayo nywila yake unaijua. Usitumie ya fundi wala ya kijana wa kibandani.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa ajili ya namba za uthibitisho.
- Kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Inaweza kuwa ya benki au kadi pepe inayojazwa kutoka kwenye pochi ya simu. Kadi nyingi za benki huja zikiwa zimefungwa upande huo, kwa hiyo piga simu huduma kwa wateja uwaombe wakufungulie.
- Intaneti ya kutosha. EA Sports FC 24 ya kompyuta peke yake inadai GB 100 za nafasi. Bando la siku halifiki popote. Tafuta Wi-Fi ya ofisini, ya chuo, au ya ndugu mwenye mkongo nyumbani, tena kwa ruhusa yake.
- Nafasi kwenye diski ya mashine, angalau mara moja na nusu ya ukubwa wa gemu. Baadhi ya mashine hunakili faili lote upya wakati wa apdeti.
- Daftari. Utaandika namba chache ambazo zitakuokoa baadaye.
- Yuniti za LUKU za kutosha. Umeme ukikatika katikati ya apdeti, faili linaweza kuharibika ukaanza upya na bando jipya.

## Hatua ya 1: Ijue mashine yako ilivyo

Kama umenunua PS4 mkononi, uliza swali moja kabla ya mengine: imechipiwa au haijachipiwa? Mashine iliyochipiwa imevunjwa ulinzi wake ili isome magemu ya bure. Haitakiwi kuapdetiwa wala kuunganishwa na duka la Sony, watengenezaji wa PlayStation, na ukijaribu unaweza kufungiwa. Kununua nyongeza halali kwa ajili ya mashine ya namna hiyo ni kutupa pesa.

Namna ya kujua: nenda kwenye mipangilio, angalia toleo la mfumo, kisha jaribu kuapdeti. Muuzaji akikwambia "usiapdeti kamwe, itakufa", hapo jibu umelipata.

Hali kadhalika kwa kompyuta. Gemu la kraki, yaani lililovunjwa kufuli yake, halipokei nyongeza uliyoilipia, kwa sababu duka haliitambui nakala hiyo. Tena kraki nyingi zinakutaka uzime antivirasi kwanza, na wewe hujui umefungulia nini mlango. Kisheria pia, Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na programu za kompyuta zinalindwa humo. Sisemi haya kwa kumhukumu mtu. Najua dola 70 kwa mwanafunzi wa Makulu ni pesa ya chumba. Ndiyo maana hatua ya 5 nimeirefusha.

Kuna mtego mwingine ambao umewaumiza watu wengi mwaka huu: mashine inayouzwa "na gemu 20 ndani". Mara nyingi magemu hayo ni ya akaunti ya muuzaji, na akaunti hiyohiyo ameshawauzia watu wengine. Siku akiifungua kwenye mashine mpya na kuziondoa za zamani, gemu zako zote zinawekewa alama ya kufuli. Ukikutana na ofa hiyo, hesabu bei ya mashine tupu. Hayo magemu yape thamani ya sifuri.

Utajua umefaulu ukiwa na mashine iliyoapdetiwa, yenye akaunti yako wewe, na hakuna jina la mtu mwingine kwenye orodha ya watumiaji.

## Hatua ya 2: Amua nchi ya akaunti, kisha usiiguse tena

Kwenye Steam kazi ni nyepesi. Jiandikishe ukiwa hapa, nchi itakuwa Tanzania, na bei utaziona kwa dola za Marekani. Usitumie VPN, programu inayoficha mahali ulipo, kujifanya uko nchi yenye bei nafuu. Masharti ya Steam yanakataza, na kubadili nchi kunadai njia ya malipo ya nchi hiyo. Watu wamefungiwa akaunti zenye magemu ya miaka kwa kutafuta nafuu ya dola tano.

PlayStation ndiko kwenye ugumu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony imezifungulia akaunti za duka lake. Wengi hapa hufungua akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Nakueleza ukweli wote: Sony inataka taarifa za kweli za makazi, kwa hiyo anayefanya hivyo anabeba hatari hiyo mwenyewe. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa mwenye PlayStation ni diski kwanza, duka la mtandaoni baadaye na kwa kiasi kidogo.

Kama tayari unayo akaunti, jambo la lazima ni kujua ni ya nchi gani, kwa kuwa nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi baada ya kufunguliwa. Ingia kwenye tovuti ya Sony, fungua taarifa za akaunti, soma nchi, iandike kwenye daftari. Vocha ya kujazia pesa kwenye duka la PlayStation utakayonunua lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na ukishaikwangua muuzaji hairudishi.

Utajua umefaulu daftari lako likiwa na mstari mmoja: jina la akaunti, barua pepe, nchi.

## Hatua ya 3: Oanisha diski na duka

Hapa ndipo kesi nyingi zinapozaliwa, na mimi mwenyewe nilichelewa kujua.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa mtaa wa Kisasa na mwanawe wa kidato cha pili. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mezani diski na risiti ya vocha. "Mwanangu, huyu kaka yako mdogo amenililia mwezi mzima nimnunulie hizi ramani. Nimenunua. Sasa anasema hazionekani. Nimetapeliwa?"

Nikaigeuza kasha la diski nikasoma ubavuni. Kasha lilikuwa na alama ya umri ya Kimarekani, herufi T ndani ya kiboksi. Akaunti ya mtoto ilikuwa ya Uingereza. Nyongeza imenunuliwa duka la Ulaya, diski ni ya soko la Marekani. Vocha ilikuwa halali, duka halali, diski halali. Vilikuwa havijuani tu.

Kanuni yenyewe ni hii: diski za PS4 na PS5 huchezeka kwenye mashine ya nchi yoyote, lakini nyongeza hufanya kazi tu na gemu la soko lilelile. Kwa sababu gemu linacheza bila shida, mtu anadhani na nyongeza itakubali.

Fanya hivi kabla ya kulipa:

1. Soma ubavu wa kasha au uso wa diski. PS4 ina herufi CUSA zikifuatiwa na tarakimu tano. PS5 ina PPSA na tarakimu tano. Iandike namba yote.
2. Angalia alama ya umri. Namba 3, 7, 12, 16 au 18 zenye neno PEGI ni soko la Ulaya. Herufi E, T au M ni Marekani. Herufi A, B, C, D au Z zenye neno CERO ni Japani. Diski zinazopitia Dubai zikafika Kariakoo huwa na maandishi ya Kiarabu, na hizo usizikisie. Namba ndiyo inayoamua.
3. Fungua duka la PlayStation kwenye kivinjari cha simu, ingia ukurasa wa gemu hilo, kisha soma anwani ya ukurasa juu kabisa. Mara nyingi utaona herufi mbili na tarakimu, kisha CUSA au PPSA na namba yake. EP ni Ulaya, UP ni Marekani, JP ni Japani.
4. Linganisha namba ya anwani na ya diski. Zikifanana tarakimu kwa tarakimu, endelea. Zikitofautiana hata moja, simama.

Tahadhari mbili. Gemu moja likiwa na toleo la PS4 na la PS5, hayo ni matoleo mawili yenye namba mbili. Soma kwenye ukurasa wa nyongeza kama inataja zote mbili. Na diski ya mkononi iliyoandikwa kwamba ndani kuna namba ya nyongeza ya bure, jua kwamba namba hiyo hutumika mara moja tu. Mwenye diski wa kwanza kaishaitumia.

Kama diski na akaunti havilingani, kuna njia mbili za uaminifu: ubadilishe diski kwa muuzaji, au uache nyongeza ucheze gemu lilivyo. Yule mama tulimpata kijana wa Area C mwenye diski ya Ulaya ya gemu lilelile, wakabadilishana. Mtoto akaweka diski mpya, ramani zikatokea zote nne. Ile vocha haikuwa imepotea.

Kwa kompyuta, kuoanisha ni kuhakikisha gemu mama na nyongeza vimenunuliwa duka moja. Gemu lililo Epic halipokei nyongeza ya Steam. Gemu la GOG linataka nyongeza ya GOG.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili zinazofanana kwenye daftari, au jina moja la duka kwa gemu na nyongeza.

## Hatua ya 4: Soma kufuli kabla hujaipenda picha

Kwenye ukurasa wa gemu wa Steam, shuka upande wa kulia, chini ya orodha ya vipengele. Gemu likiwa na kufuli ya kampuni nyingine, kuna kiboksi kinachosema hivyo. Watu wanakipita kwa sababu hakina rangi za kuvutia.

Ukiona Denuvo, ambayo ni aina mojawapo ya kufuli, maana yake gemu lazima liwasiliane na seva siku ya kwanza unapolifungua, na linaweza kudai tena ukibadili Windows au vifaa vikubwa vya kompyuta. Mara nyingi utakuta imeandikwa pia kwamba ni kompyuta tano tofauti kwa siku. Kwa mtu wa nyumbani hiyo si kero. Kwa mwenye kibanda anayehamisha akaunti moja kwenye mashine sita asubuhi hiyohiyo, ya sita itagoma.

Ukiona inadai akaunti ya kampuni ya pili, kwa mfano ya EA au ya Ubisoft, fungua akaunti hiyo mapema kwa barua pepe ileile. Leseni itafungwa kwenye akaunti ya kwanza utakayoiunganisha, na kuitengua baadaye ni kazi ya wiki.

Ukiona gemu linataka intaneti muda wote, jiulize unaishi wapi. Kama uko Chamwino na mtandao unakuja kwa zamu, usilinunue hata likiwa punguzo. Tena gemu la aina hiyo maisha yake yako mikononi mwa seva. The Crew la Ubisoft lilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na waliolilipia wakashindwa kulicheza, hata peke yao.

Ukitaka gemu lisilo na kufuli kabisa, nenda GOG. Unashusha faili la kusimika, unaliweka kwenye flashi au diski ya nje, unasimika hata miaka mitano baadaye bila kuuliza mtu. Kwa mazingira yetu ya bando, hili ndilo duka ninalolipenda kuliko yote, na inaniuma kwamba wengi hapa hawalijui. Magemu ya mpira mapya huyapati huko, lakini The Witcher 3 na nyongeza zake mbili kubwa yapo.

Utajua umefaulu ukiweza kumjibu mtu kwa sentensi moja: gemu hili linadai intaneti lini na linadai akaunti ngapi.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya bei ya kweli

Bei iliyoandikwa kwenye ukurasa ni mwanzo tu wa hesabu. Chukua gemu jipya la dola 69.99. Kwa mfano dola moja ikiwa shilingi 2,600, hiyo ni karibu shilingi 182,000. Benki inatumia kiwango chake cha kubadilishia pesa, ambacho huwa juu ya kile unachokiona mtandaoni, na inaweza kukata ada ya muamala wa nje. Ongeza intaneti ya kushusha GB 100. Hesabu yote iandike kabla ya kununua, kwa shilingi. Dola zinadanganya macho.

Kisha angalia matoleo. Siku ya kwanza gemu hutoka kwa namna mbili au tatu: la kawaida, la kati, na kubwa lenye "pasi ya msimu" inayokuahidi nyongeza ambazo hazijatengenezwa. Mimi sinunui ahadi. Nunua la kawaida, cheza, na kama baada ya mwezi bado unalirudia, ndipo utazame nyongeza. Mwaka mmoja au miwili baadaye kampuni nyingi hutoa toleo kamili lenye gemu na nyongeza zote kwa bei ndogo kuliko gemu tupu la siku ya kwanza.

Mfano ambao vijana wa hapa wanaujua vizuri ni Euro Truck Simulator 2, gemu la malori la SCS Software ya Czech, lililotoka 2012. Bei yake kamili Steam ni dola 19.99, na kwenye mapunguzo makubwa limeshuka mara nyingi hadi robo, dola tano hivi. Hapo kijana anafurahi, halafu anaona ramani: Skandinavia, Ufaransa, Italia, nchi za Baltiki, Iberia, Balkani Magharibi, Ugiriki. Kila ramani kubwa ina bei yake. Akizibeba zote siku moja kwa bei kamili, gemu la dola tano limemgeukia kuwa gemu la zaidi ya laki mbili.

Njia yake ni hii. Nunua gemu mama wakati wa punguzo. Endesha mpaka umeichoka ramani ya mwanzo, na hiyo peke yake ni miezi. Kisha chagua ramani moja, isubiri punguzo, inunue. Steam hufanya punguzo kubwa la kiangazi kuanzia mwishoni mwa Juni na jingine Desemba. Ukiweka nyongeza kwenye orodha ya matamanio, wanakutumia barua pepe bei ikishuka. Tovuti ya IsThereAnyDeal inaonyesha bei ya chini kabisa ambayo gemu limewahi kufika, kwa hiyo utajua kama punguzo la leo ni la kweli au la kukuchangamsha tu.

Kuna vifurushi pia. Kifurushi cha Steam kwa kawaida kinakutoza vile tu ambavyo huna, na punguzo la kifurushi linabaki. Angalia huko kabla ya kununua ramani mojamoja.

Na Epic hutoa gemu la bure kila wiki. Unalichukua, linakuwa lako kwenye akaunti. Halina masharti ya kulipa baadaye, na huhitaji kulishusha siku hiyohiyo.

Sasa onyo kuhusu tovuti zinazouza "funguo", yaani herufi za kuandika Steam ili upate gemu, kwa bei ya kutupa. Nilishanunua ufunguo kwenye duka moja la mtandaoni, jina sitalitaja. Nikaandika herufi zote Steam, ikajibu kwamba bidhaa hii haipatikani nchini kwangu. Ufunguo ulikuwa wa ukanda mwingine. Muuzaji akasema ameshautuma, kazi yake imeisha. Steam nao hawarudishi pesa ya kitu ambacho hukununua kwao. Funguo nyingine hukubali leo, kisha hufutwa kwa sababu zilinunuliwa kwa kadi ya wizi.

Utajua umefaulu ukiwa na jumla ya shilingi iliyoandikwa, na jumla hiyo hujaishtukia.

## Hatua ya 6: Lipa kwa mpangilio

Usianze na gemu la dola 60. Anza kwa kujaza pochi ya Steam dola 5, kiwango cha chini kabisa. Kadi ikikubali kiasi hicho, umejua imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na ikikataa umejua tatizo mapema. Dola hizo zikikaa bila kutumika, unaweza kuomba zirudi ndani ya siku 14.

Weka kwenye kadi pepe kiasi cha manunuzi na ziada kidogo kwa ajili ya kiwango cha kubadilishia. Ukiweka sawasawa na hesabu ya dola, muamala utakataliwa kwa upungufu wa shilingi mia chache.

Namba ya uthibitisho ikija kwa SMS, iandike mwenyewe. Hakuna fundi, hakuna winga, hakuna "ofisa wa benki" anayepaswa kuisoma. Kadi ikikataliwa mara mbili, acha, piga benki. Ukiendelea kubonyeza, inaweza kufungwa kabisa.

Baada ya malipo, hifadhi barua pepe ya risiti. Washa ulinzi wa hatua mbili siku hiyohiyo, maana sasa akaunti ina thamani.

## Hatua ya 7: Shusha bila kumaliza bando

Nyongeza nyingi za PlayStation ni ndogo ajabu, kwa sababu maudhui yalishaingia na apdeti ya gemu. Unacholipia ni leseni ya kuyafungua. Kwa hiyo apdeti gemu mama kwanza. Gemu likiwa toleo la zamani, nyongeza itaonekana kama haipo.

Kwa Steam, kama una kompyuta mbili nyumbani, au rafiki mwenye gemu hilohilo, washa uhamishaji wa ndani kwenye mipangilio ya kushusha. Kompyuta zote mbili ziwe kwenye Wi-Fi moja na kila mmoja kwenye akaunti yake. Faili litahama kutoka mashine hadi mashine bila kula GB za mtandao, ingawa leseni lazima uwe nayo. Pale UDOM nimeona vijana wanne wa chumba kimoja wakigawana gemu zito jioni moja, wakashusha mara moja tu.

Ukibeba faili za kompyuta kwa diski ya nje, iwe imepangwa (format) kwa mfumo wa exFAT au NTFS. FAT32 haibebi faili lililozidi GB 4, na utakesha ukidhani diski ni mbovu.

## Hatua ya 8: Jaribu bila intaneti siku hiyohiyo

Usingoje safari ya Kondoa ndipo ujue gemu halifunguki.

PlayStation: kwenye PS4, iwashe kuwa mashine kuu ya akaunti yako, pale palipoandikwa "Activate as Your Primary PS4". Kwenye PS5 ni "Console Sharing and Offline Play". Akaunti moja, mashine kuu moja kwa kila aina. Kisha zima Wi-Fi, fungua gemu, nenda kwenye nyongeza.

Steam: fungua gemu mara moja ukiwa mtandaoni, lifike mpaka menyu kuu. Litoke. Weka Steam hali ya nje ya mtandao, zima Wi-Fi, fungua tena.

Fanya jaribio hili ndani ya saa ya kwanza ya kucheza. Sababu iko kwenye hatua inayofuata.

Utajua umefaulu nyongeza ikichezeka Wi-Fi ikiwa imezimwa.

## Hatua ya 9: Ikigoma, dai pesa kabla muda haujapita

Kila duka lina saa yake, na saa hizo hazifanani.

Steam: ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Kwa nyongeza, saa hizo 2 zinahesabiwa kwenye gemu mama kuanzia uliponunua nyongeza. Kuliacha gemu limefunguka ukaenda kula ugali kunahesabika.

Epic: siku 14, chini ya saa 2, kwa bidhaa zilizowekewa alama kwamba zinarudishika.

GOG: siku 30, hata kama umeshashusha na kucheza. Wanategemea uaminifu wako, na nakuomba usiutumie vibaya.

PlayStation: siku 14, lakini uwe hujaanza kushusha. Hapa ndipo panapouma. Mashine nyingi zimewekwa zishushe zenyewe mara baada ya malipo. Ingia kwenye mipangilio uzime ushushaji wa moja kwa moja kabla ya kununua, kisha linganisha namba za hatua ya 3 kwa mara ya mwisho, ndipo ubonyeze kushusha.

Pointi na sarafu za ndani ya gemu, zile za kununulia pakiti za wachezaji, zikishatumika hazirudi. Mzazi mwenye kadi iliyohifadhiwa kwenye mashine ya mtoto, iondoe leo, au weka nywila ya kudai idhini kwa kila ununuzi.

Unapoandika dai, andika kwa Kiingereza chepesi na kifupi: tarehe, namba ya oda, jina la gemu, jina la nyongeza, na tatizo kwa sentensi moja. Ambatisha picha mbili, ya risiti na ya skrini inayoonyesha nyongeza haipo. Usitume dai lilelile mara tano kwa siku moja, kwa sababu kila moja linafungua faili jipya na majibu yanachelewa. Pesa ikirudi itarudi kule ilikotoka. Kama ulilipa kwa kadi pepe, usiifute kadi hiyo mpaka uone salio limeingia.